Rejesho la mwisho la mama

Jumapili, saa nne usiku. Mwenzangu wa kitanda cha juu keshaanza kukoroma, wa upande wa pili anapiga msuli kwa tochi ya simu.

Najua nimekuwa kimya tangu semista ianze. Wengine mmeniuliza kama nimepata sapu, wengine kama nimepata mchumba. Hakuna hata kimoja. Nilikuwa na jambo la nyumbani ambalo sikujua nilisimulie vipi. Leo mchana mama kapiga simu, limeisha, basi nimeona nikae niliandike lote. Ni habari ya SACCOS. Msikimbie! Najua nasoma chuo cha ushirika hapa Moshi na washkaji wa vyuo vingine mnasema sisi tukiota usingizini tunaota mizania. Lakini hili silo la darasani, ni la kwetu.

Kwa mnaonicheka kila siku kwa jina la kijiji: ndiyo, ni Kwedizinga, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Ukisikia majina yanaanza na Kwe na Kwa ujue umeingia kwa Wazigua: Kwedizinga, Kwamsisi, Kwediboma (hiyo iko Kilindi, lakini Kilindi nayo ilikuwa ndani ya Handeni mpaka 2002). Mambo ya wilaya tunayafuata Handeni. Mtu akitaka kununua cha maana au kupanda basi la safari ndefu, anakwenda Korogwe. Kazi ya watu ni jembe. Mahindi kwa kila mtu, michungwa kwa mwenye nafasi. Mvua ikikubali tunakula na kuuza. Ikikataa, tunaanza kuhesabu mbuzi.

Sasa hela ya mkulima ina tabia moja: inakuja yote kwa mkupuo baada ya mavuno, halafu inapotea mwaka mzima. Unaiweka wapi? Bibi yangu aliiweka kwenye kopo la Kimbo, akalifukia chini karibu na kinu. Siku alipolifukua akakuta mfuniko umepata kutu na mchwa wameshapita. Alibaki na vipande vya noti ambavyo hakuna duka lililovikubali. Mpaka leo ukitaja kopo mbele yake anageuza uso.

Mama yeye alicheza upatu. Wanawake kumi, kila mmoja anatoa elfu kumi kwa mwezi, mmoja anazoa laki moja, mwezi unaofuata mwingine. Upatu si mbaya, ndio ulionunua sufuria zote za kwetu. Ila una kasoro yake: ukishapokea, umepokea, unangoja mzunguko. Na mtoto haumwi kwa zamu. Halafu akapita kijijini bwana mmoja na daftari, anakusanya hela za watu kila wiki akiahidi kuzirudisha na faida. Sitamtaja. Siku moja alisema anakwenda Tanga mjini mara moja. Hatujamwona mpaka kesho.

Kwa hiyo walimu wachache na wakulima wachache walipoanza kuzungumza habari ya SACCOS, bibi aliguna tu. "Ushirika? Huo si ndio ule?" Wakati huo nilikuwa mdogo, sikuelewa anaguna nini. Nimekuja kuelewa hapa chuoni, mwaka wa kwanza, kwenye somo la historia ya ushirika.

Naomba niwape kidogo, si desa, ni kidogo tu.

Mambo haya ya kuwekeana akiba na kukopeshana kwa dhamana ya watu yana wazee wengi, lakini mmoja ndiye aliyenigusa. Anaitwa Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Mjerumani, alikuwa kama mwenyekiti wa vijiji fulani vya milimani. Majira ya baridi ya 1846 kuamkia 1847 kwake kulikuwa na njaa. Akawakusanya wenye uwezo watoe hela, ukanunuliwa unga, ukaokwa mkate, maskini wakaupata kwa mkopo. Baadaye akaona sadaka ya matajiri haifiki mbali, maana tajiri akichoka kutoa mambo yanaishia hapo. Mwaka 1864 akaanzisha pale Heddesdorf chama ambacho wakulima wenyewe ndio wanaodhaminiana. Mmoja akishindwa, wote wanaguswa. Kwa hiyo kila mmoja ana sababu ya kumjua jirani yake na kumwuliza, hela hiyo unakwenda kufanyia nini? Sisi wa Tanga Wajerumani tunawakumbuka kwa mkonge, ulioingia kwetu 1893. Mimi nilipomsoma huyu wa njaa na mkate nilisema, bwana, huyu angeielewa Handeni.

Kwetu nyumbani sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika ilitoka 1932, enzi ya Mwingereza, na mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa hapa Kilimanjaro wakasajili KNCU. Baada ya uhuru ushirika ukapewa kazi kubwa, na chuo chetu kilianza 1963 ili kufundisha watu wa kuusimamia. Halafu ikaja 1976. Serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, mazao yakaenda kwenye mamlaka za mazao, na kijiji chenyewe kikahesabiwa kuwa ndio ushirika. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha, lakini wadau, kitu ulichokivunja kwa siku moja hukirudishi kwa karatasi. Watu wa umri wa bibi waliona chama kinaweza kuondolewa kutoka juu bila wao kuulizwa. Ndiyo maana aliguna.

Sheria zikabadilika tena 1991, 2003 na 2013. Halafu ikaja ile ya huduma ndogo za fedha ya 2018, iliyowagawa wanaokopesha katika madaraja manne. SACCOS ni daraja la tatu, vikoba ni la nne, na siku hizi SACCOS lazima iwe na leseni kutoka Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Aprili 2025 Rais Samia alizindua Benki ya Ushirika kule Dodoma. Basi, historia imeisha, mnaweza kuamka.

Mama alijiunga nilipokuwa kidato cha kwanza. Bibi hakusema kitu, alimwangalia tu. Kiingilio elfu kumi, hisa elfu hamsini alizozilipa kwa vipande, na akiba kila mwezi kadiri ya maandazi yalivyouzika. Kuna mwezi aliweka elfu ishirini, kuna mwezi elfu mbili. Kitabu chake cha uanachama alikifunga kwenye mfuko wa nailoni, akakiweka ndani ya sanduku la kanga. Namba yake ni 83.

Nimewahi kukaa na kile kitabu nikimwuliza faida yake ni nini hasa. Hakunijibu kwa maneno ya kitabuni. Alisema kwanza, hela iko mbali na mkono wake, kwa hiyo mgeni akija na shida ya uongo hana cha kumpa. Pili, anaweza kukopa mpaka mara tatu ya akiba yake bila kuonyesha hati ya nyumba, maana nyumba yetu ya udongo hati ataitoa wapi. Tatu, mwisho wa mwaka chama kikipata ziada, riba aliyolipa yeye na wenzake inarudi kidogo kama gawio. Ni kidogo kweli, mwaka mmoja alipata elfu sita mia tano. Lakini hebu niambie ni mkopeshaji gani aliyewahi kukurudishia hata senti. Na nne, alisema hivi: "Kwenye mkutano mwalimu mkuu ananyoosha mkono mmoja, na mimi nanyoosha mmoja." Mwalimu mkuu ana akiba ya mamilioni, mama ana laki tano. Kura ni moja moja. Hilo ndilo alilolisema kwa kujidai zaidi.

Nikachaguliwa kuja chuo. Kijijini ilikuwa sherehe. Halafu orodha ya mkopo wa wanafunzi ikatoka na jina langu halimo. Mnaijua ile hali, unashusha orodha kwa kidole, unarudia tena kutoka juu ukidhani macho ndiyo yamekosea.

Mama akaenda SACCOS. Akaomba milioni moja na nusu: ada, godoro, nauli na hela ya kuanzia maisha. Riba asilimia moja na nusu kwa mwezi kwa deni linalobaki, miezi kumi na miwili. Nimepiga hesabu mwenyewe: rejesho la mtaji ni 125,000 kila mwezi, na ukilipa kwa wakati riba yote jumla inakuwa 146,250. Linganisheni na ile mikopo ya mitaani watu wanayoiita kausha damu, ambapo unachukua laki moja na kila mwezi unadaiwa elfu ishirini ya riba peke yake. Kwa milioni na nusu, miezi kumi na miwili ya namna hiyo ingekula hata mbuzi ambao hawajazaliwa.

Akiba ya mama ilikuwa laki tano. Milioni moja iliyobaki ilihitaji watu wa kuibeba. Wadhamini watatu, wanachama wenzake, kila mmoja anasaini kwamba akiba yangu ishikwe mpaka mkopo huu uishe. Wawili walikuwa walimu. Wa tatu ni jirani yetu wa mlango wa pili, mjane, ambaye mimi tangu nazaliwa namwita mama mkubwa ingawa si ndugu wa damu. Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga. "Shikamoo mama mkubwa." "Marahaba mwanangu, nenda ukasome, usitutie aibu." Akanipa mayai sita ya kuchemsha ya kula njiani. Kuhusu kusaini hakunitajia, na mimi sikujua. Nilidhani hela imetoka kwa "SACCOS", kama vile SACCOS ni mtu fulani tajiri anayekaa Handeni mjini.

Mama alilipa marejesho sita, Novemba mpaka Aprili, bila kukosa. Masika ilikuja ikagusa ardhi, ikaondoka. Mahindi yalifika magotini yakajikunja. Mei hakulipa. Juni hakulipa. Kwenye simu aliniambia kila kitu ni salama, soma.

Likizo ndefu nikarudi nyumbani. Nikaona mambo mawili ambayo wakati ule sikuyaunganisha. La kwanza, mama alikuwa anapita njia ya nyuma kwenda kisimani, yeye ambaye alizoea kupita mbele ya kila mlango akisalimia. La pili, juu ya paa la mama mkubwa kulikuwa na nailoni nyeusi imekandamizwa kwa mawe. Nikamtania, "Mama mkubwa, umeweka dari juu ya bati?" Akacheka. Akaniletea mchunga kwenye bakuli, kama kawaida yake.

Septemba kukawa na mkutano mkuu. Nikamsindikiza mama, na nilikwenda kwa mbwembwe, si unajua, mwanachuo wa ushirika, nilitaka kuona nadharia inavyotembea. Shule ya msingi, chini ya mwembe, madawati yametolewa nje. Wakasoma mapato, wakasoma matumizi, mzee mmoja akauliza kwa nini chai ya bodi imepanda, watu wakacheka. Halafu wakafika kwenye mikopo iliyochelewa. Kwa taratibu za chama hawasomi majina, wanasoma namba.

"Namba themanini na tatu. Miezi minne."

Wadau, kijijini hakuna siri ya namba. Vichwa viligeuka. Mama akasimama. Alikuwa amevaa kanga yake ya Idi. Akasema: "Themanini na tatu ni mimi. Sijakimbia. Mahindi mmeyaona wenyewe. Naomba muda."

Mtu mmoja wa nyuma akasema si kila mtu alimwona mwanawe anakwenda chuo? Sikujua niweke wapi uso wangu. Mjumbe wa kamati ya mikopo akaeleza kwamba wanaweza kukata akiba ya mama, laki tano iende kwenye deni, na iliyobaki wawaangalie wadhamini. Yaani miaka yote ile ya elfu mbili mbili ifutwe siku moja. Ndipo mama mkubwa akanyoosha mkono. Alisema maneno machache sana: "Mimi mdhamini. Mpeni muda. Mimi nimeshangoja tangu Juni, nitangoja tena."

Kura ikapigwa, mama akapewa mpaka mwisho wa Novemba.

Njiani nikamwuliza mama, mama mkubwa anangoja nini tangu Juni? Hakujibu mpaka tulipofika nyumbani. Mama mkubwa alikuwa ameomba mkopo wa laki nne anunue bati, paa lake limeoza. Wakamnyima, kwa sababu akiba yake imeshikwa kwenye mkopo wa namba 83. Mvua zile chache zilizokataa kuotesha mahindi yetu hazikukataa kuingia chumbani kwake. Ile nailoni ndiyo godoro langu hapa chuoni. Ile nailoni ndiyo ada yangu. Na alikuwa bado analeta mchunga.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimejibu vizuri kabisa mtihani wa kanuni saba za ushirika, zile zilizopitishwa 1995, nikapata alama A. Na sikuwa nimewahi kujiuliza hela yangu ya ada ilitoka kwenye paa la nani.

Mwaka wa pili jina langu likatoka kwenye orodha. Novemba bumu likaingia, laki sita. Sasa niwe mkweli kwenu, maana hapa ndipo aibu yangu ilipo. Nilikuwa nimeshapanga laptopu. Kuna jamaa hapa mjini anauza zilizotumika, laki nne na nusu, nilikuwa nimeshakwenda kuishika mara mbili. Siku tatu nilikaa na ile hela nikijipa sababu. Kwamba nikiwa na laptopu nitachapa kazi za watu, nitapata hela, nitamtumia mama nyingi zaidi baadaye. Hoja nzuri tu, hata kamati ya mikopo ingeisikiliza. Kasoro yake ni kwamba "baadaye" yangu mama mkubwa angeingoja chini ya nailoni.

Siku ya nne nikampigia mama, nikamwuliza kamili linalobaki. Mtaji 750,000. Riba ya miezi saba, Mei mpaka Novemba, 78,750. Jumla 828,750. Yeye alishauza mbuzi watatu na kuongeza vikao vya maandazi asubuhi na jioni, alikuwa na 428,750. Aliitaja mpaka ile hamsini ya mwisho. Nikatuma laki nne kwa simu. Hakusema asante. Alisema, "Wewe utakula nini?" Nikamwambia nitakula. (Nimekula ugali maharage mpaka maharage yamenizoea, na wale walionikaribisha chipsi mnajijua, Mungu awabariki.)

Sitaki mdhani nimefanya ushujaa. Ile hela haikuwa zawadi, ilikuwa deni langu lililokaa kwenye kitabu cha mtu mwingine mwaka mzima. Nimeandika kwa sababu najua humu tupo wengi. Kuna mtu hapa bwenini ada yake imetoka SACCOS ya walimu ya baba yake, mwingine kikoba cha mama yake. Tunasema "mzee kakopa" halafu tunaendelea na maisha. Hebu siku moja piga simu nyumbani uulize tu: nani alisaini? Yeye alitaka kufanyia nini akiba yake?

Na kwa wanaosema SACCOS ni za kizamani, siku hizi mtu anakopa kwenye simu dakika mbili: ni kweli, simu haikuiti mkutanoni mbele ya mwembe. Lakini simu pia haitanyoosha mkono kukuombea muda.

Mama alilipa mwisho wa Novemba, siku mbili kabla ya tarehe. Leo mchana ndiyo kanipigia kunipa mengine. Kitabu chake kimepigwa muhuri wa kumaliza, akiba yake laki tano ipo palepale, na akiba za wadhamini zimeachiwa. Mama mkubwa kapeleka tena maombi ya bati. Kamati imeyapokea, anahitaji wadhamini.

"Mama, nani anamdhamini?"

"Nimetoka kusaini sasa hivi," akasema, kana kwamba nimeuliza swali la kijinga. Halafu akaniambia simu yake inakaribia kuzima.

Haya wadau, kesho saa mbili nina tesiti ya uhasibu na bado sijafungua daftari. Laptopu bado, kazi zangu nachapia maktaba, nikichelewa kuwajibu mjue ni foleni. Alamsiki.